Mwaka Nilioandikiwa CV Nikila Bukari

Waliponipigia simu kutoka Nchelenge kunijulisha kwamba Mama Feza ametutoka, hawakusema njoo uzike. Walisema njoo usome. Kwetu kwenye ufuko wa ziwa Mweru, kabla udongo haujarudishwa shimoni, mtu mmoja husimama na karatasi na kuyasoma maisha ya marehemu: alizaliwa wapi, alifanya nini, aliugua vipi, amewaacha akina nani. Kazi hiyo ilikuwa yangu kwa miaka mingi, kutoka Kashikishi hadi Kabuta, tangu nilipoingia shule ya jioni, nikiwa na umri ambao wenzangu walikuwa wakipeleka watoto wao shule hiyo hiyo asubuhi. Walinichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sauti: nikisoma Nchelenge, viboko wa bwawa la Mofwe, mbali huko kusini, waligeuza masikio. Ya pili, sikuwa bahili wa maneno. Nilipomsomea fundi baiskeli mmoja nilimpandisha hadi akawa ametengeneza baiskeli zote za mkoa wa Luapula pamoja na zile ambazo bado ziko njiani kutoka Uchina. Jamaa zake walilia kwa fahari, nami nikapakuliwa paja la kuku lenye ukubwa wa kasia. Niliamini hivi: maiti hawezi kujisemea, basi mwongezee, aliye hai ana mdomo wake, basi mwache.

Sasa nimekaa katika chumba cha mbele cha Mama Feza, kile kilichokuwa malewa yake, mkahawa wa meza mbili na benchi ndefu unaotazama bandari ya maboti. Masufuria yamefunikwa kifudifudi. Beseni la kunawia bado lipo mlangoni, lakini ni kavu. Ukutani, pale alipokuwa akiegemea akiwatazama watu wakila, moshi umeacha kivuli cha mgongo wake, au mimi ndiye ninayekiona. Katibu wa kanisa, mtu mwema, amekwisha niandalia karatasi ya kusoma kesho. Inasema marehemu alikuwa mama mpole, mnyenyekevu, asiyepaza sauti. Nimeisoma mara mbili nikijiuliza huyo mtu ni nani. Mama Feza alikuwa akiita mteja wa Kabuta aje achukue chenji yake, na mteja alimsikia akiwa ameshafika Kabuta. Hapo, unaona, nimeongeza. Ndiyo shida yangu usiku na mchana, na ndiyo iliyonikalisha hapa na kalamu isiyotembea.

Habari za ukoo wangu naziruka. Kila mtu ana baba na mama, na wangu hawakuzidi wengine. Nataka kusimulia mwaka mmoja tu, mwaka nilipokuwa mkata tiketi wa Ba Chanda. Ba Chanda, na "Ba" kwetu ni neno la heshima kwa mwanamume au mwanamke, alikuwa na maboti matatu: moja la kisiwa cha Chisenga, moja la Kabuta, la tatu la kuvuka ng'ambo, upande wa Kongo. Siku za soko abiria walifurika na magunia, ndoo za chisense, dagaa wetu, waliokaushwa, kuku waliofungwa miguu, na wapiga debe wakiita majina yote matatu kwa pamoja kana kwamba ziwa lina mlango mmoja. Wengi wa abiria hawakusoma. Nilikuwa nawaandikia tiketi kwa mwandiko mzuri ambao hakimu angeuonea wivu, nao waliukunja bila kuutazama na kupanda boti lililokuwa karibu na miguu yao. Kila soko kulikuwa na aliyepotea, na kila aliyepotea alirudi kunitafuta mimi.

Nikaona nitumie akili ya shule ya jioni. Nikachora picha kwenye tiketi: samaki kwa Kabuta, wavu kwa Chisenga, na kwa ng'ambo nikachora nyumba, maana wengi wa abiria wa boti lile walikuwa Wakongomani waliokuwa wakirudi kwao. Nilijisifu wiki nzima. Ndipo Mama Feza, aliyekuwa na kibanda cha kupanga Chisenga anakolala akienda kununua samaki, akaja bandarini na haraka zake, akaziona picha, akasema, "Nipe ile ya nyumba, naenda kulala kwangu." Nilikuwa nimemwachia mwenzangu kibanda cha tiketi, nimekwenda kunywa chai. Mama Feza alipanda, akasinzia juu ya gunia lake, akaamka Kongo.

Alirudi kesho yake. Sitayaandika aliyoniambia, maandishi haya yanaweza kusomwa na watoto. Lakini alipomaliza kufoka alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniuliza swali moja: "Profesa, ni nani kwa hii ziwa hana nyumba?" Siku zilizofuata niliacha kuchora. Nilikaa chini bandarini nikiwauliza abiria, mmoja mmoja, wao wenyewe hulijuaje boti lao. Wakaniambia kwa kitambaa alichovaa nahodha, kwa rangi. Basi nikachana vikwembe vitatu, yaani vitenge, vya rangi mbalimbali, nikafunga bendera mbele ya kila boti, na kila abiria nikamfunga ukanda wa kitambaa kile kile mkononi au kwenye mzigo. Kitambaa kinafanana, panda, hakifanani, shuka. Ba Chanda alilalamika kwamba nusu ya vitambaa vinaishia kuwa nguo za wanasesere wa watoto wa Chisenga, lakini watu waliacha kupotea. Sikuliona kuwa jambo. Niliona ni kuchana nguo.

Mwalimu wetu wa kompyuta katika shule ya jioni alikuwa Ba Mutale, dada wa Nchelenge hapa hapa, Mubemba aliyeokota Kiswahili kwa wateja wa mama yake sokoni. Jioni moja kabla ya masomo alikuja malewa akiwa na tangazo kwenye simu. Kampuni moja ya Lusaka, inayotengeneza programu za simu za wafanyabiashara, ilikuwa inatafuta mbunifu wa UX. Nikamwuliza hiyo ni dawa ya nini. Akacheka. "Ni mtu anayetazama wenzake wakitumia kitu, anaona wanapopotelea, anakipanga upya wasipotee. Sasa wewe unafanya nini pale bandarini kila siku?" Nikasema nakata tiketi. "Andika CV," akasema. "Mwisho wa mwezi wanafunga."

Niliandika. Mungu ananiona, niliandika kwa juhudi ambazo hazijaonekana tena Luapula. Sikuwahi kuiona CV ya mtu, lakini maisha ya watu nilikuwa nimeyaandika mengi, kwa hiyo nilifuata njia niliyoizoea. Nilianza na kuzaliwa, nikapita kwenye ubatizo, kwaya, ugonjwa wa utotoni. Niliandika kwamba alikuwa kijana mtiifu aliyependwa na wote, kwamba alihudumia maelfu kwa maelfu ya abiria, kwamba hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Nikabandika picha niliyopigwa na tai ya kuazima. Ba Mutale alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, na alipofika wa nne alishusha karatasi polepole, akavua miwani, akanishika mkono.

"Pole sana," akasema. "Alikufa lini?"

Wateja walicheka hadi bukari, ule ugali wetu, ikapoa. Lakini Mama Feza hakucheka. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza ile karatasi ni ya nini, na alipoelezwa kwamba ni maisha yangu nimeyaandika mwenyewe, aliweka mwiko mezani, mahali ambapo hajawahi kuuweka.

"Toa ile kitu mu nyumba yangu."

"Mama, ni ya kuombea kazi."

"Mutu anasomewa maisha yake na bengine, tena akishakufa. Weye unajisomea mwenyewe, unapumua, iko vile? Unaita lufu mbele ya batu bangu banakula? Toa."

Lufu kwao ni kifo, lakini nilidhani ni hasira za jiko tu. Ba Mutale ndiye aliyenivuta nje na kunieleza, kwa sauti ya chini, jambo ambalo mji mzima ulilijua ila mimi. Mume wa Mama Feza alipokuwa amelazwa, ndugu walimtuma mtu aje kukusanya maisha yake mapema, ili siku ikifika karatasi iwe tayari. Walikaa upande wa pili wa ukuta wa mbao wakiulizana: aliacha watoto wangapi, alifanya kazi wapi, tuandike aliugua muda gani? Mgonjwa alikuwa macho. Aliyasikia yote. Mama Feza alikuwa amekaa kitandani na bakuli la uji, na alimwona akigeuza uso ukutani, na tangu hapo hakufungua kinywa, si kwa neno wala kwa uji. Hakumaliza juma. Nilikaa juu ya ile ndoo ya bandarini muda mrefu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha tumwa mara ngapi kukusanya maisha ya watu? Sikuwahi kufikiri juu ya unene wa kuta.

Siku zikaenda. Nilikuwa nimebanwa kati ya wanawake wawili ninaowaheshimu. Ba Mutale alisema usijiite "yeye", hujafa. Sema "mimi", sema umefanya nini. Na nilipojaribu kuandika "mimi", niliifuta palepale, maana kwetu anayejisifu kwa kinywa chake huambiwa jirani zake wamehama. Na zaidi ya yote, nilikuwa nakula kwa Mama Feza. Hapo ndipo nilipokuwa na watu. Kuipata kazi ya Lusaka kwa karatasi aliyoifukuza mlangoni kwake ilikuwa sawa na kuondoka bila kuaga, na sikuitaka hata kama mshahara ungenipa ghorofa. Zilipobaki siku chache, nilimwambia Ba Mutale basi, aache.

Sijui aliongea nini na Mama Feza. Najua kwamba siku ya mapumziko ya maboti, saa sita ya mchana, niliitwa malewa na kukuta benchi limejaa: Ba Chanda, wachuuzi wa samaki, Mama Ndaya mwenye mdomo kama tarumbeta, na Ba Mutale na kompyuta yake mapajani. Mbele ya meza palikuwa na kiti kimoja, kimegeuzwa kikatazama dirisha. Mezani palikuwa na sahani ya bukari inayofuka, samaki mzima wa jamii ya sato tunayemwita pale, na sombe, yaani kisamvu.

"Ikala," akasema Mama Feza, akinionyesha kiti. "Usigeuke. Kula."

"Mama, kuna nini?"

"Batu njo batasema, Ba Mutale njo ataandika. Weye, kazi yako ni kula. Lufu ikipita ku mulango, ikuone unatafuna. Mutu mwenye kutafuna hayiko mufu. Haya, ingiza mukono."

Nikanawa, nikala, na nyuma ya mgongo wangu watu wakaanza kuyasema maisha yangu nikiwa hai. Nimekula mahali pengi tangu siku ile, mpaka hotelini kwenye vitambaa vya mezani, lakini sijakula tena chakula kizito namna ile. Ba Chanda alianza, taratibu, kama mtu anayetoa ushahidi, na "mukwai" yake ya heshima. "Mbele ya huyu kuanza kazi, mukwai, kila soko watu wanapotea. Ninawarudisha bure, ninaunguza mafuta. Sasa hawapotei. Njo ivyo tu." Ndivyo hivyo tu, na hakuongeza.

"Wangapi?" akauliza Ba Mutale.

"Andika maelfu!" nikasema na bukari mdomoni.

"Maelfu gani?" Mama Ndaya akadakia. "Boti ya Ba Chanda inabeba maelfu? Labda unahesabu na panya. Ba Mutale, andika: batu ba boti tatu, kila siku ya soko. Anapenda kuongezeaka huyu. Hata mufu anamuongezea miguu."

Waliangua kicheko, nami nikazidi kuinama kwenye sahani. Kila nilichokuwa nimekipamba walikishusha hadi chini, wakakiacha kimesimama kwa miguu yake. Ndipo nikasikia viatu vya Mama Feza vikija karibu.

"Sasa andika ile ya nyumba."

Mfupa ulinikwama. "Mama, ile hapana! Watanifukuza kabla hawajaniajiri."

"Kula. Ile njo ya kwanza. Andika, Ba Mutale: alichora nyumba, mimi nikapotea, nikalala Kongo na mbu. Kisha akakuya akakaa chini na batu, akauliza. Kama sikupotea, angejua nini, huyu?"

Nilisikia vidole vya Ba Mutale vikigonga. "Hii ndiyo wanayoitafuta," akasema. "Picha kila mtu anachora. Wanataka yule aliyeona picha yake imempoteza mtu, asimlaumu mtu." Kisha akanisomea alichoandika, na kilikuwa kifupi kiasi cha kunitia aibu kwa kurasa zangu nne. Kwaya hakuna, ugonjwa wa utotoni hakuna, tai hakuna. Juu kabisa, jambo ninaloweza kufanya. Chini yake: abiria wasiosoma walikuwa wakipanda boti lisilo lao, nilichora picha, hazikufaa, kwa sababu kila abiria ana nyumba, niliwauliza abiria, nikafunga vitambaa, sasa wanapanda wenyewe. Picha za bendera na mikono iliyofungwa vitambaa tulizipiga kwa simu tukaziambatisha. Mwisho ni nafasi ya watu wa kuulizwa habari zangu. Ba Chanda, mwajiri. Ba Mutale, mwalimu. Mama Feza akagonga meza. "Na mie?"

"Mama, tuandike wewe ni nani wake?" akauliza Ba Mutale.

"Si abiria?"

Kwa hiyo ikaandikwa hivyo, na sidhani kuna CV nyingine duniani iliyokuwa nayo: Mama Feza, abiria aliyepotea, na namba yake ya simu.

Walinipigia. Nilikwenda Lusaka kwa basi, safari ambayo nikiisimulia huchukua muda mrefu kuliko yenyewe, na katika chumba chenye kioo kila upande watu watatu wakaniuliza juu ya nyumba. Hawakuuliza cheti. Waliniuliza nyumba tu: kwa nini niliichora, nilijuaje ilikosea, nilikaa wapi nilipokuwa nauliza. Nikawajibu bila kuongeza, kwa sababu nilihisi mgongoni benchi zima linasikiliza. Kazi nikaipata, ya chini kabisa, na nikaishi ndani yake hadi mvi hizi zimeanza kunitembelea kidevuni. Miaka ilipopita, dada mmoja wa ofisini, aliyekulia Kasumbalesa, mpakani na Kongo, na anayejua Kiswahili chetu, aliniambia kwamba yeye ndiye aliyetumwa kumpigia yule abiria aliyepotea. Nilimbembeleza aniambie alijibiwa nini. Alisema Mama Feza alifoka kwanza, kwamba amekatizwa akikaanga. Kisha akasema: "Huyu mutoto anaongezeaka maneno. Lakini ukimwambia umepotea, anakuya kukaa na weye chini." Akakata simu, samaki wasiungue.

Asubuhi niliyohamia Lusaka alinisindikiza hadi kituo cha basi akiwa amebeba chisense kwenye mfuko, mimi nikibeba begi. Hakuwa mtu wa kuaga. Alipanga kola yangu, akatazama pembeni. "Siku yangu ikifika, utanisomea weye."

"Mama, acha maneno hayo. Mimi bado sijala leo."

Akatabasamu kidogo. "Utanisomea. Lakini usiniongezee."

Hilo ndilo lililokuwa likinizuia hapa mezani tangu asubuhi. Sauti bado ninayo, na mkono wangu unaijua kazi yake. Ungeweza kumwandikia Mama Feza maisha ambayo yangemliza hata askari wa mpakani. Karatasi ya katibu ni ya adabu, na hakuna anayenidai zaidi. Ila huyo mama mpole wa kwenye karatasi hawezi kupotea, hawezi kufoka, na hawezi kumkalisha mtu kwenye kiti. Saa sita ya mchana nilitoka nikawaita. Wakaja wachuuzi, wengine ni mabinti wa wale wa zamani. Akaja Ba Chanda, ameshikwa mkono. Mama Ndaya alikuja na tarumbeta yake imepungua pumzi. Ba Mutale, ambaye siku hizi ni mkuu wa shule, alikaa mwisho wa benchi. Nikageuza kiti kikatazama dirisha, nikakaa badala yake, nikawapa mgongo, na kuwaambia waseme. Safari hii hakukuwa na sahani mbele ya mwenye maisha. Ndipo nilipojua kwamba amekufa.

Walisema polepole, nikaandika walivyosema. Wanafunzi wa shule ya jioni walikuwa wakisinzia darasani kwa njaa, alianza kupika mapema, kabla ya masomo, wakaacha kusinzia. Mumewe aliyasikia maisha yake yakikusanywa kabla ya wakati. Tangu hapo Mama Feza alikaa na wagonjwa wengi wa mtaa huu, na hakuna aliyesikia neno la kaburi mbele yake, alimfukuza yeyote aliyelitaja, pamoja na mchungaji mmoja. Alifoka sana. Hakukumbuka alichofoka. Alipotea mara moja, ng'ambo, na kupotea kwake kukampa mtu kazi. Ukurasa haukujaa.

Hayo yalikuwa jana; leo tumemzika. Nilimshukuru katibu, nikamrudishia karatasi yake, nikasoma yetu. Nilipofika mwisho, watu waliendelea kunitazama, wakingoja nipande, wakingoja zile mbawa ninazowavisha marehemu wote. Nilikunja karatasi. Upepo wa ziwa ulisikika kwenye matete. Kisha Mama Ndaya akasema, si kwa nguvu, "Njo yeye." Na mwingine nyuma yake, "Njo yeye kabisa." Wakaanza kurudisha udongo.

Watu waliokuja walikuwa elfu kumi. Haya, Mama, usinifokee: walikuwa wa kujaza boti tatu.